Binti Anayeitwa Kenya

Simama katikati ya Kariakoo Jumamosi mchana, uite kwa sauti: "Kenya! Hebu njoo!" Watu watageuka wakushangae. Mmoja atadhani unatafuta abiria wa basi la Nairobi, mwingine atakuonea huruma tu. Lakini ita hivyo hivyo Detroit, Atlanta au Chicago, na huenda akageuka dada mmoja mwenye mkoba begani akuulize unamtakia nini. Huko Kenya ni jina la binti, kama sisi tunavyosema Neema au Mwajuma, na limekuwa hivyo kwa zaidi ya nusu karne.

Mpenzi msomaji, kama wewe na mwenzio mnangojea mtoto, mnajua kwamba hakuna jambo dogo linaloweza kuleta mzozo mkubwa ndani ya nyumba kama jina. Kitanda cha mtoto mtakubaliana. Rangi ya chumba mtakubaliana. Likija jina, ghafla kila mtu ana mama yake, shangazi yake na mawazo yake. Sasa fikiria jina lenyewe ni la nchi, na ni nchi jirani! Mzozo wa namna hiyo nimeushuhudia kwa karibu, na nitakusimulia. Kwanza tuliangalie jina lenyewe, maana lina mengi kuliko linavyosikika.

Lilianza kwa mlima

Kabla haijawa nchi, Kenya ulikuwa mlima. Wakikuyu wanauita Kirinyaga, Waembu Kirenyaa, na Wakamba Kiinyaa. Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alikuwa Kitui kwa chifu Kivoi, mfanyabiashara maarufu wa Kikamba aliyekuwa akipeleka misafara hadi Mombasa. Ni kutokea huko alikouona mlima wenye theluji, na ni kwa Wakamba alikolisikia jina lake. Akaliandika jinsi masikio yake yalivyolipokea, Kenia. Ulaya wataalamu walimcheka, eti theluji gani hiyo kwenye ikweta!

Maana yake? Maelezo yanayosimuliwa zaidi ni ya mbuni. Mbuni dume ana manyoya meusi yenye meupe, na mlima ule ni mwamba mweusi uliopakwa theluji nyeupe. Wamasai nao walivutiwa na rangi hizo hizo, wakauita Ol Donyo Keri, yaani mlima wenye mabaka. Kwa Wakikuyu ni makao ya Ngai, na wazee waliomba wakiuelekea. Kwa hiyo ukikutana na msichana anayeitwa Kenya, anabeba ndege, mlima na nchi kwa pamoja. Si haba.

Nchi ilipewa jina hilo baadaye sana. Waingereza waliitawala kama Himaya ya Afrika Mashariki tangu 1895, na mwaka 1920 ndipo wakaifanya koloni na kuiita Kenya. Wao walitamka "Kiinya". Ulipokuja uhuru tarehe 12 Desemba 1963, matamshi ya wenyeji ndiyo yaliyobaki, na "Kiinya" ikabaki kwa wazee wa kikoloni na filamu za zamani. Jambo hilo ni dogo, ila lina maana kwa hadithi yetu, kwa sababu Wamarekani Weusi waliowapa binti zao jina hilo walichukua ile Kenya ya uhuru, wala si ile Kiinya ya walowezi.

Kwa nini wao, na kwa nini Kenya?

Hapa ndipo wengi wetu huku tunapokosea. Tunadhani Mmarekani Mweusi anayemwita mwanawe Kenya ametazama picha za simba kwenye kalenda akavutiwa. La hasha. Miaka ya 1950 magazeti ya dunia nzima yalijaa habari za Mau Mau, na kijana Mweusi wa Harlem alizisoma kwa jicho lake mwenyewe. Kisha akaja Tom Mboya, kijana mtanashati, msemaji mzuri, akizunguka Marekani kuwatafutia vijana wa Afrika Mashariki nafasi za masomo. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliwabeba wanafunzi 81. Waliosaidia kuchangisha fedha ni pamoja na mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson. Mwaka uliofuata, wanasiasa wa Kenya walipokwenda London kujadili katiba, mshauri wao alikuwa Thurgood Marshall, wakili aliyeshinda kesi ya ubaguzi wa shule Marekani mwaka 1954 na ambaye baadaye alikuja kuwa jaji Mweusi wa kwanza wa Mahakama Kuu ya nchi yake.

Unaona? Kwao Kenya haikuwa mbuga ya wanyama. Ilikuwa nchi ya watu waliopigana, wakasoma, wakajitawala.

Halafu likaja wimbi la majina. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha sherehe ya Kwanzaa huko California, akazipa nguzo zake saba majina ya Kiswahili, na mbili kati yake, Nia na Imani, zikageuka majina ya wasichana. Nywele za afro zikapanda, dashiki zikavaliwa, majina ya George na Betty yakaanza kuonekana ya kizamani. Mwaka 1977 mfululizo wa televisheni wa Roots ukawaketisha Wamarekani mamilioni mbele ya runinga kumtazama Kunta Kinte akichapwa mpaka atamke jina alilopewa na bwana wake. Baada ya hapo nani angeona jina ni kitu kidogo?

Lakini mbona Ghana, iliyopata uhuru mapema zaidi, 1957, haikupendwa hivyo kama jina? Nadhani hapa sikio liliamua. Wakati ule Marekani ilikuwa imejaa akina Tanya na Sonya. Kenya likaingia katikati yao bila kugonga mtu. Ni fupi, linaishia na a, na karani wa shule hawezi kuliharibu. Jina la Kiafrika ambalo mwalimu Mzungu analitamka vizuri siku ya kwanza! Tangu miaka ya 1970 na kwa miaka mingi iliyofuata, Kenya lilikuwemo kwenye ile orodha ya majina 1,000 ya wasichana yanayotumika zaidi, inayotolewa na idara ya hifadhi ya jamii ya Marekani. Halikuwa jina la kila nyumba, ila halikuwa kioja.

Wanaolibeba

Aliyelitangaza zaidi pengine ni Kenya Moore. Alizaliwa Detroit mwaka 1971, na mwaka 1993 akatwaa taji la Miss USA, mwanamke Mweusi wa pili kulipata. Wapenzi wa runinga wanamfahamu zaidi kwa vituko vya Real Housewives of Atlanta, alikoanza kuonekana mwaka 2012. Mwaka huo huo wa 1993 mtayarishaji wa muziki Quincy Jones na mwigizaji wa Kijerumani Nastassja Kinski walipata binti, wakamwita Kenya. Naye leo ni mwanamitindo.

Si wasichana pekee. Kenya Barris, aliyebuni kipindi cha Black-ish, ni mwanamume. Na ukienda Japani, Kenya ni jina la kiume kabisa, halina uhusiano wowote na nchi wala mlima. Maana yake hutegemea herufi wazazi walizochagua kuliandikia. Mbunifu Kenya Hara, anayejulikana kwa kazi yake na kampuni ya Muji, ni mmoja wao. Mexico nako wanaandika Kenia, na vijana wanaofuata muziki wa huko wanamjua Kenia Os.

Kenya haiko peke yake. Kuna India, na hapa uwe mwangalifu, maana jina moja linaweza kutoka milango miwili. Mwanamitindo wa Uingereza India Hicks, aliyezaliwa 1967, ni mjukuu wa Lord Mountbatten, aliyekuwa gavana mkuu wa mwisho wa Waingereza kule India. Mwimbaji India.Arie, binti Mweusi wa Denver, alizaliwa 1975. Jina ni lile lile, lakini kwa mmoja linakumbusha nyumba kubwa ya ufalme, na kwa mwingine halina uhusiano na nyumba hiyo. Kuna America Ferrera, yule wa Ugly Betty. Yeye hakuitwa kwa heshima ya bara, aliitwa jina la mama yake. Na bara lenyewe liliitwa kwa jina la mtu, baharia Amerigo Vespucci. Majina bwana, yanazunguka!

Na tusichanganye. Chad wa Marekani ni jina la mtakatifu wa Kiingereza wa karne ya saba, halihusiani na jirani wa Sudan. Asia wetu wa Tanga na Unguja naye si bara, ni Asiya, mke wa Firauni aliyemlea Musa. Zaire ndilo linalonisikitisha kidogo. Nchi ya jina hilo ilianza 1971 ikafa 1997, lakini Marekani wavulana wameendelea kuitwa hivyo, akiwemo mtoto wa nyota wa mpira wa kikapu Dwyane Wade, aliyezaliwa 2002, miaka mitano baada ya nchi kufutwa kwenye ramani. Nchi imekwenda, mtoto yupo.

Mkwe, mkaza mwana na ukuta wa 1870

Sasa tuje kwenye mzozo niliokuahidi. Nina rafiki, dada wa Kimarekani Mweusi kutoka Alabama, aliyeolewa na kijana wetu wa Tanga. Wanaishi Dar, wote wanafanya kazi, Kiswahili chake kizuri kuliko cha baadhi ya wafanyakazi wenzangu. Alipobeba mimba na kuambiwa ni msichana, akasema mtoto ataitwa Kenya.

Mumewe alicheka. Akauliza atafanyaje siku Taifa Stars ikicheza na Harambee Stars, atamshangiliaje mwanawe. Akadhani yameisha. Hayakuisha. Habari zikafika Tanga, na mama mkwe hakucheka hata kidogo. Alipanda basi akaja.

Nilikuwepo sebuleni siku ile, nimeketi na kikombe cha chai nikitamani kuwa pazia. Mkaza mwana akaamkia, "Shikamoo Mama." Bibi akaitikia vizuri, akauliza hali ya mimba, akauliza miguu inavimba au haivimbi, kisha akaingia kwenye lililomleta. "Mwanangu," akasema, "hiyo ni nchi ya watu. Mtoto huitwa mtu. Mimi mama yangu amekufa hana jina lililorudi hata moja. Nilikuwa nangojea wewe."

Uzito wa maneno yale, kama umekulia Pwani, unaujua. Jina kurudi maana yake ni kwamba marehemu hajaisha. Wakikuyu wenyewe, wenye ule mlima, wana utaratibu mkali zaidi yetu: binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba, wa pili jina la mama wa mama. Wajaluo nao huweza kumpa mtoto jina la mahali au tukio la siku alipozaliwa. Lupita Nyong'o ana jina la Kimexico kwa sababu alizaliwa Mexico City mwaka 1983 wakati baba yake akifundisha huko. Wote wana pa kuchotea jina. Mtu mwenye kisima uani hanunui maji.

Rafiki yangu alinyamaza kidogo. Kisha akaanza kueleza, kwa Kiswahili chake cha polepole, jambo ambalo mumewe wa miaka minne, nadhani, hakuwa amelisikia lote.

Kwao, alisema, ukianza kuhesabu mababu unarudi nyuma vizuri mpaka mwaka 1870. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza ya Marekani iliyowaandika kwa majina watu wote waliokuwa watumwa. Katika sensa za 1850 na 1860 watumwa waliandikwa chini ya jina la bwana wao, kila mmoja kwa umri, jinsia na rangi. Mwanamke, miaka 30, mweusi. Basi. Jina hakuna. Babu wa babu yake yupo kwenye karatasi ya 1870, na nyuma yake ni ukuta. Hata kabila hajui. Ndiyo maana mama yake, msichana wa miaka ishirini mwaka 1972, alipojifungua binti wa kwanza alimpa jina la nchi nzima, kwa kuwa hakuwa na jina la bibi wa Kiafrika la kumrithisha.

"Alijua hatukutoka Kenya?" mumewe akauliza, nusu kwa mzaha. Swali halali, kwa kweli. Mababu wa Wamarekani Weusi wengi mno walitoka Afrika ya magharibi, kuanzia Senegal hadi Angola. Waliotoka upande wetu wa bahari walikuwa wachache. Wapo wanaolisema jina hili kwa kejeli kwa sababu hiyo, kwamba ni kuazima nyumba isiyo yako. Mimi naona ni kejeli rahisi. Mtu aliyenyang'anywa anwani hawezi kulaumiwa kwa kuchagua mlango uliokuwa wazi na wenye taa.

Rafiki yangu akajibu kwamba mama yake alijua. Kisha akasema lile ambalo lingepaswa kusemwa tangu mwanzo: huyo binti wa 1972, dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea, akamlipia chuo, na akafa kwa kansa ya titi akiwa na miaka 38. Yeye hataki mtoto aitwe nchi. Anataka aitwe dada yake.

Mama mkwe aliweka kikombe chini. "Mbona hukusema hivyo?" akamuuliza. "Mimi nilidhani ni nchi. Kumbe ni mtu."

Ubini, cheti na viwanja vya ndege

Nimelitafakari jibu lile mara nyingi nikiandika makala hii. Tunapouliza maana ya jina, tunakimbilia kamusi: mlima, mbuni, theluji. Lakini jina likishakaa juu ya mtu mmoja mpendwa kwa miaka thelathini na nane, kamusi imekwisha kazi. Kenya Moore mwenyewe, alipojifungua mwaka 2018, alimwita binti yake Brooklyn, kitongoji cha New York, na jina la kati akampa Doris, la bibi yake aliyemlea. Mahali na mtu, vyote viwili.

Na hivyo ndivyo walivyofanya hawa wenzetu. Jina la kwanza Kenya, la pili la mama yake mama mkwe, la tatu ubini wa baba. Sitasema walifika hapo kwa amani kamili. Zilipita wiki mbili za simu za Tanga ambazo mume alikuwa akienda kuzipokelea nje, na shangazi mmoja hadi leo anamwita mtoto kwa jina la pili tu, la kwanza halitamki. Lakini cheti kiliandikwa ndani ya zile siku 90 zinazotakiwa na RITA, na hilo nakushauri usilichezee, mabishano ya jina yasikufanye upitishe muda ukaanza kuhangaikia usajili wa kuchelewa.

Kama na nyinyi mnafikiria jina la nchi, kuna mambo ya kukaa mezani mkayasema wazi kabla ya siku ya kujifungua. Muulize mwenzio jina linatoka wapi hasa, kwa nani, na usiridhike na "nalipenda tu". Litamkeni pamoja na ubini kwa sauti, mara kumi. Mtafakari mtoto ataishi wapi: Kenya ni jina la kawaida Atlanta, ila darasani Kinondoni ataulizwa kila siku kama anajua kukimbia marathoni. Siasa za nchi nazo hubadilika, mipaka hufungwa, timu hufungana, na mtoto hana kosa katika yote hayo. Na mkumbuke fomu. Tayari pale uwanja wa ndege afisa mmoja alimrudishia rafiki yangu karatasi akimwelekeza kwa upole kwamba amekosea, ameandika nchi kwenye nafasi ya jina. "Hapa andika jina la mtoto, dada." Akamwambia ndilo hilo. Afisa akamtazama mtoto, akatazama uraia, Mtanzania, akaguna, akagonga muhuri.

Mtoto sasa ana miaka mitatu na maneno mengi. Akienda Tanga, bibi yake hamwiti Kenya wala jina lile la pili. Anamwita "mama", kama inavyopasa mtu kumwita aliyerudi na jina la mama yake, na anampa kipande kikubwa cha samaki kabla ya watu wazima.